Simu Aliyoisikiliza Dena

Mapokezi ya Hoteli ya Tumbawe, Malindi, yalikuwa yamefurika watalii na masanduku yao asubuhi ile ya Agosti 1984, Mueni alipojipenyeza hadi kaunta. Gauni lake la kitenge cha kijani lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Kaka, naomba kupiga simu Kilifi. Ya kituoni kwetu imekufa."

Dena, kijana aliyekuwa akiunganisha simu, shati jeupe pe, aliinua macho akasahau kuyashusha.

"Kituo gani, bibie?"

"Nyumba ya watoto, njia ya Sabaki. Nasomea ustawi wa jamii. Chuo kimenileta huku kwa mafunzo."

"Ndiyo kazi gani hiyo?"

"Kuwasikiliza watu wenye shida."

"Basi karibu, mimi nina shida nyingi," Dena akasema, na Mueni akacheka kabla hajajizuia.

Kufikia Oktoba walikuwa wakitembea pamoja kila Jumapili baada ya kanisa, Dena akimnyoosha Kiswahili chake cha bara.

"Usiseme 'naenda', mpenzi. Sema 'nakwenda zangu'."

"Nakwenda zangu," Mueni akasema, akageuka kuondoka.

"Aa! Hebu rudi!"

Simu za Kilifi, alizoendelea kupiga pale hotelini, zilikuwa za kumtafuta mwalimu mmoja, Joram. Mkewe alifariki akijifungua, naye kwa majonzi akamwacha kichanga kituoni, akawaambia jamaa zake kwamba mtoto pia alikufa. Mueni alikuwa akimvuta polepole amrudie binti yake. Na chuoni waliapishwa: siri ya mtu haitoki.

Jumatano moja alimwambia Joram, "Njoo Jumamosi. Usiogope, nitakuwa peke yangu. Hakuna atakayejua."

Alipoweka simu, Dena alikuwa amesimama, uso umemsawijika.

"Huyo Joram ni nani wako?"

Damu ilimpanda Mueni. "Umesikiliza simu yangu?"

"Nauliza, ni nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, Dena. Na wewe hukuwa na ruhusa ya kusikia."

Akatoka bila kuaga.

Wiki tatu hawakuonana. Mueni aliwaogesha watoto, akaandika ripoti za chuo, akalia akianua nepi kambani. Sentensi moja tu ingemrudisha Dena. Mara mbili aliiandika kwenye barua, mara mbili akaichana.

Joram naye, Jumamosi ya kwanza aliishia langoni. Ya pili aliingia, akamtazama mtoto, akakimbia nje kutapika. Kisha akaanza kuja hata siku za kazi, akijifunza kumlisha uji.

Asubuhi moja simu ya kituo, iliyokuwa imetengenezwa juzi yake, ililia.

"Mueni? Ni mimi. Usikate."

"Sijakata."

"Nilikosa. Kazi yangu ni kuunganisha watu, nikajifanya mpelelezi. Naomba nije, laazizi."

"Njoo. Lakini sina jipya la kukwambia."

"Sitauliza."

Alifika alasiri, suruali imepigwa pasi mstari ukasimama, wakati Joram anatoka na binti yake amefungwa kwenye leso kifuani.

"Mungu akubariki, Mueni," Joram akasema.

Dena aliijua sauti ile ya simuni. Mueni alimwona akiijua, akasimama akingojea swali. Dena alilishika lango lisije likawagonga.

"Polepole hapo, bwana, pana jiwe."

Joram akashukuru, akashika njia ya stendi. Dena akamtazama mpaka akapotea, kisha akamgeukia Mueni.

"Umekula?"

Machozi yakamtoka Mueni pale pale, bila haya. "Ndilo swali lako hilo?"

"Umekonda."

"Sijala tangu asubuhi."

Dena alimshika mkono. "Ukimaliza chuo nataka kuja kwenu Machakos na baba na ami zangu. Nije?"

"Bado miezi saba. Na nikifanya kazi hii, mengi nitakuficha."

"Nifiche. Mradi usinifiche njaa yako, wala usinifiche ukikasirika."

Mueni alijifuta macho, akavuta pumzi.

"Njoo na mama yako pia," akasema. "Mama yangu hatapenda kuletewa posa na wanaume peke yao."