Jumatano ya Kuhesabiwa

Mama Cherehani hakuwa mtu wa kukaa kimya. Mguu ukikanyaga cherehani, mdomo nao ulikuwa kazini. Majirani walisema akinyamaza, basi ama anaumwa, ama ana pini mdomoni.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kilikuwa na cherehani moja, pasi ya mkaa, kioo kilichopasuka pembeni na waya wa kutundikia nguo. Mumewe, fundi baiskeli, alifanya kazi yake barazani, mikono imejaa grisi tangu asubuhi. Binti yao alikuwa darasa la sita katika shule ya pale kijijini. Kila Jumatano, siku ya soko, wote watatu walifunga mizigo na kwenda kuuza nguo. Ndivyo ilivyokuwa kwa nyumba nyingi, na hakuna aliyeona ajabu mtoto kukosa shule siku hiyo moja.

Jumatatu moja binti alirudi na barua kutoka ofisi ya elimu ya wilaya. Mama Cherehani aliisoma taratibu, neno baada ya neno. Ilisema kwamba mwaka ujao shule yao haitakuwa na darasa la saba. Wanafunzi wa darasa hilo watahamia shule ya ng'ambo ya bonde, kilomita kumi na moja kutoka pale. Sababu zilizotajwa ni tatu: wanafunzi ni wachache, walimu hawatoshi, na matokeo ya mtihani ni mabaya.

Fundi baiskeli alijikuna kichwa. Alisema wakubwa wakishaamua wameamua, labda amuundie binti yake baiskeli nzuri.

"Mlima wa bonde lile hata wewe unaisukuma baiskeli kwa mkono," alijibu mkewe. "Mume wangu, mimi niliachia darasa la nne kwa sababu la tano lilikuwa mbali. Huyu mtoto haachii la sita."

Alisema hivyo kwa ukali, lakini moyoni aliogopa. Aliwajua wasichana watatu waliohamishiwa shule za mbali. Wote watatu sasa walikuwa wanachota maji ya watu kwa ujira.

Kesho yake alikuja mteja na sketi mkononi. Alikuwa Bibi Takwimu, jirani yake, aliyestaafu ukarani katika ofisi ya elimu. Alipewa jina hilo kwa sababu kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuhesabu shule, madawati na watoto.

"Mwanangu, hii sketi imebana. Nadhani imepungua ilipofuliwa."

"Bibi, sketi haijapungua."

Walicheka wote wawili. Kisha Mama Cherehani akamwonyesha barua na kuanza kulalamika. Alisema ofisi ya elimu inawachukia. Shule nyingine zinapata walimu na vitabu, wao wanapata barua. Alisema mengi, na Bibi Takwimu akamwacha amalize.

"Ofisi haina chuki, mwanangu. Ofisi ina fomu," alisema. Akaeleza kwamba mara moja kwa mwaka shule zote za wilaya huhesabu wanafunzi waliofika siku hiyo. Hawahesabu walioandikwa daftarini, bali walioketi darasani. Namba hiyo ndiyo inayotumika kugawa walimu, vitabu na ruzuku ya serikali. Namba ikiwa ndogo, walimu wanakuwa wachache. Walimu wakiwa wachache, watoto hawafundishwi vizuri na mtihani unawashinda. Mwisho wake ni barua kama ile.

"Sasa niambie. Kuhesabu hufanyika Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tatu. Jumatano hiyo, binti yako alikuwa wapi?"

Cherehani ilisimama. Safari hii Mama Cherehani hakuwa na pini mdomoni, lakini hakupata la kusema. Binti yake siku hiyo alikuwa sokoni, amesimama nyuma ya meza, anakunja magauni.

Kumbe nyani haoni kundule. Walikuwa wameilaumu ofisi miaka yote, na wao wenyewe ndio waliowaficha watoto wao siku ya hesabu.

Jioni ile Mama Cherehani alikwenda kwa Mwalimu Mkuu pamoja na Bibi Takwimu. Mwalimu Mkuu aliwatolea daftari. Wanafunzi walioandikwa walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Waliohesabiwa Jumatano ile walikuwa mia moja ishirini na mmoja. Alisema kila mwaka hubandika tangazo kwenye ubao wa shule kuwaomba wazazi wawalete watoto siku hiyo, na kila mwaka mvua hulisoma tangazo kabla ya wazazi. Muuza vitunguu mmoja, mzazi pia, alikuwa amekuja kuulizia barua hiyohiyo. Yeye alikuwa na dawa ya haraka.

"Mwalimu, watoto wetu unawajua wote kwa sura. Si ungeandika tu mia mbili na kumi na wanne?"

"Niliandika niliowaona, ndugu yangu," alijibu Mwalimu Mkuu. "Nikiandika nisiowaona, siku mkaguzi akija nitamwonyesha nini?"

Bibi Takwimu alimuunga mkono. Alisema amewahi kuona shule iliyoandika watoto hewa. Ilipogundulika, ilikosa hata kile ilichostahili. Njia ya halali ilikuwepo, akaitaja. Kamati ya shule inaweza kuomba watoto wahesabiwe upya, mradi iombe ndani ya siku thelathini tangu barua ilipotolewa. Siku tisa zilikuwa zimekwisha kupita.

Tatizo likawa kamati yenyewe. Ilitakiwa kuwa na wazazi sita, lakini walikuwepo wawili tu, na kwa wawili haiwezi hata kuandika barua. Kwenye uchaguzi uliopita walikuja watu kumi na mmoja, na nusu yao waliondoka kabla ya kupiga kura. Mama Cherehani aliikumbuka vizuri siku ile. Alialikwa, akajibu kwamba hayo ni mambo ya walimu, yeye ana nguo za watu.

Jumatano iliyofuata hakufungua meza yake. Alizunguka soko zima, meza kwa meza, na kwa kila mzazi alianza na maneno yaleyale: "Kosa hili ni langu kabla halijawa la ofisi." Wengine walimcheka. Wengine walikasirika, wakasema mtoto asipokuja sokoni, nani atamsaidia mama yake kubeba? Lakini mtu akianza kwa kukiri kosa lake, ni vigumu kugombana naye. Jumamosi wazazi zaidi ya mia na hamsini walijaa uwanjani pa shule. Walichagua wajumbe wanne wapya kwa kunyoosha mikono, na wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Mama Cherehani.

Barua ikaandikwa, ikasainiwa na wajumbe wote sita. Mama Cherehani aliipeleka mwenyewe ofisini, akasubiri kwenye benchi tangu asubuhi hadi mchana. Hakutaka kuiacha kwa mlinzi. Afisa aliisoma mara mbili, akafungua kitabu cha kanuni, akasema ombi limekubaliwa. Ila kanuni inataka hesabu ya pili ifanyike siku ileile ya juma kama ya kwanza.

"Yaani Jumatano?" aliuliza Mama Cherehani.

"Jumatano ijayo, saa mbili kamili asubuhi."

Jumatano ijayo ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Ndiyo iliyokuwa na soko kubwa kuliko zote, watu wakiwa wamelipwa mishahara. Fundi baiskeli aliposikia, aliweka spana chini na kukaa. Mkewe hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa soko, mzee mwenye maneno machache na hasira za karibu, akamwomba soko lisifunguliwe mpaka watoto wamalize kuhesabiwa. Mzee akamwambia ataona. Hakuna aliyethubutu kumuuliza ataona nini.

Siku ilipofika, Mama Cherehani alisimama langoni pa shule tangu mapema, binti yake pembeni. Afisa alifika na fomu zake saa mbili kasoro robo. Ndani ya uzio walikuwepo watoto wapatao arobaini. Mama Cherehani aliwahesabu, akawahesabu tena, na namba haikuongezeka. Alifikiri, nimejitia aibu bure, na mtoto wangu amekwisha.

Ndipo zikasikika sauti barabarani. Watu wa soko walikuwa wanakuja kwa miguu, wamejaza barabara upande huu na upande ule. Wauza vitunguu, wauza sabuni, wauza ndoo, kila mmoja ameshika mtoto mkono. Mbele yao alitembea mwenyekiti wa soko na wajukuu wake wanne, wamevaa sare zilizopigwa pasi.

"Soko nimelifunga kwa kufuli," alimwambia Mama Cherehani alipofika. "Ufunguo huu hapa. Wakimaliza kuhesabu, utaniambia."

Afisa alipita darasa kwa darasa. Watoto walibanana wanne kwenye dawati la wawili, na waliokosa dawati walikaa sakafuni. Darasa la sita alilihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Wazazi walisubiri nje. Mwishoni afisa alitoka na kuisoma namba kwa sauti: mia mbili ishirini na tatu. Tisa walizidi daftari. Hao walikuwa wameacha shule, na asubuhi ile wazazi wao waliwarudisha na kuwaandikisha upya.

"Hawa wote mmewatoa wapi?" aliuliza afisa.

"Sokoni," alisema Mama Cherehani.

Uwanja mzima ulilipuka kwa vicheko na vigelegele, na afisa mwenyewe akacheka. Kabla mwezi haujaisha ilikuja barua nyingine. Darasa la saba litabaki, na shule itaongezewa walimu wawili, mmoja wao wa hesabu.

Kamati haikulala usingizi. Soko lilipitisha sheria yake: mtoto wa shule haonekani nyuma ya meza kabla ya saa za masomo kwisha. Tena Bibi Takwimu aliwafundisha kwamba vikao vya bodi ya elimu ya wilaya viko wazi kwa kila mwananchi, na anayetaka kusema hujiandikisha siku tatu kabla. Mama Cherehani alijiandikisha. Alisimama mbele ya wajumbe tisa na kuwaambia kwamba siku moja haitoshi kuijua shule, wahesabu mahudhurio ya mwezi mzima. Shule nyingine tatu zenye soko Jumatano zilituma wazazi kumuunga mkono. Wajumbe saba walikubali, wawili walikataa, na utaratibu ukabadilika kwa wilaya nzima.

Mwaka uliofuata binti wa Mama Cherehani alifanya mtihani wa darasa la saba palepale kijijini, dakika kumi kutoka nyumbani. Katika wilaya yenye shule arobaini, shule yao ilikuwa imezoea nafasi ya thelathini na nane. Safari hii ilishika ya kumi na moja. Mwalimu Mkuu aliyasoma matokeo uwanjani, akianza na aliyeongoza, na la binti huyo lilikuwa la nne.

Mama Cherehani alikaa chini kwenye nyasi na kulia kwa furaha mbele ya watu wote. Mumewe alimwinua, akampaka grisi mgongoni bila kujua.

"Nyumba yetu imepata mtu aliyemaliza la saba," alisema Mama Cherehani.

Kisha alifuta machozi, akamshika binti yake mkono, wakaelekea nyumbani. Sare ya sekondari haijishoni yenyewe.