Nauli ya Girija

Stendi ya Majestic, jijini Bengaluru, ilikuwa imefurika wanawake. Tangu serikali iwafutie nauli, hakuna basi lililoondoka bila kujaa. Girija, mjane na fundi wa kushona blauzi, alipenya ndani ya basi na sari yake ya zambarau, yasmini zikinukia nyweleni, akasimama karibu na mwanamume mwenye masharubu.

"Mnapanda bure, na viti mnavitaka," mwanamume akamtania.

"Basi inuka, bwana, nikae."

Akainuka kweli, akicheka. Aliitwa Shivanna, mgane, mwenye duka la taa za shaba mtaa wa Seshadripuram. Tangu hapo wakawa wanangojana stendi kila asubuhi. Girija, ambaye zamani hakuvuka mtaa wake, sasa alikuwa na safari zisizokwisha: leo vifungo, kesho kwa dada yake, mtaa wa Malleshwaram.

Siku moja mwandishi wa gazeti akapanda, akauliza kwa nini abiria wameongezeka hivi.

"Mabasi ni mengi siku hizi, hatungoji," mama mmoja akajibu. "Na tukiwa wengi, hakuna wa kutusumbua."

"Mimi nafuata bure tu," Girija akasema. "Wakirudisha nauli, nabaki nyumbani."

Basi zima likacheka, isipokuwa Shivanna. Kesho yake hakuonekana. Girija akapiga simu hadi ikapokewa.

"Nimehamia basi la kiyoyozi," Shivanna akasema. "Huku hata wanawake wanalipa. Hutapapenda."

"Umenuna?"

"Nilidhani unapanda kwa ajili yangu."

Girija akakata simu. Asubuhi akavaa sari ya hariri ya kijani, akapanda basi la kiyoyozi, akampa kondakta pesa. Shivanna akageuka.

"Umelipa?"

"Nimelipa. Siku ile ya mwandishi, jirani yangu Kamalamma alikaa nyuma yetu. Ulitaka nitangaze jina lako mtaa mzima ujue?"

"Nilikuwa mjinga."

"Sana. Sogea."

Akasogea. Wakakaa bega kwa bega. Basi likapita Seshadripuram.

"Duka lako hilo tumeliacha," Girija akasema.

"Najua. Naenda Malleshwaram kwa dada yako, kuposa."

"Dada yangu ana mume."

"Nakuposa wewe, Girija."

Girija akageukia dirisha kuficha tabasamu, lakini kioo kikamwonyesha Shivanna lote.

"Basi tukishuka tununue nazi na tambuu," akasema. "Kuposa hakuendwi mikono mitupu."