Shingo Iliyofungwa Kavu

Mikono miwili ilishika chuma kimoja kwa wakati mmoja. Soko la vipuri vilivyotumika lilikuwa limefurika, watu wakisukumana kati ya marundo ya minyororo na pedali, na kilichogombewa kilikuwa shingo ya usukani wa baiskeli, ile ya zamani ambayo bomba lake huzama ndani ya uma wa mbele.

"Samahani dada, nimeiona kwanza."

"Dada yako yuko kwenu."

Sauti hiyo aliijua. Mwalimu wa hesabu aliinua macho, akamwona fundi wa baiskeli aliyekuwa mpenzi wake: ovaroli ya buluu, kitambaa cha njano kichwani, na yale macho ambayo zamani yalikuwa yakimcheka. Leo hayakucheka.

Miezi minane iliyopita, mwalimu alipaswa kufika kwao fundi na mjomba wake kumposa. Mama mtu alipika tangu alfajiri, shangazi wakavaa nguo mpya. Ikapita saa ya kwanza, ikapita ya pili, simu ya bwana imezimwa. Hakutokea mtu. Tangu siku hiyo fundi alikuwa akijiapiza kwamba huyu mwanamume atalia kama alivyomliza.

"Unaitakia nini?" aliuliza.

"Baiskeli ya marehemu baba. Shingo yake imepasuka. Wiki tatu nazunguka, kila ninayoipata haiingii."

Fundi aliigeuza ile shingo mkononi. Ilikuwa ya alumini, nzima kabisa. Wazo likamjia, tamu kama asali.

"Ilete karakana. Nitakufungia mwenyewe."

Moyo wa mwalimu ukaruka. Maskini, alidhani amesamehewa.

Kabla ya adhuhuri baiskeli hiyo ya chuma, nyembamba, rangi ya maziwa, ilikuwa imebanwa kwenye stendi. Mwalimu alisimama pembeni kwa shati lake jeupe lililopigwa pasi, asijue aweke wapi mikono.

"Nikusaidie, mpenzi?"

"Mpenzi ni nani hapa? Shika gurudumu, lisiyumbe."

Fundi alipima bomba la shingo, akapima tundu la uma, vikalingana. Alihakikisha ule mstari uliochongwa kwenye bomba umezama wote ndani, maana shingo ikibaki juu ya mstari huo hukatika mtu akiwa kwenye mwendo. Kumuua hakutaka. Alitaka kisasi kimwume polepole. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kopo la grisi lilikuwa karibu na kiwiko chake. Hakuligusa. Alumini ikikaa ndani ya chuma bila grisi, mvua na jasho huvigandamanisha. Mwaka mmoja, miwili, shingo haitoki tena, si kwa nyundo wala kwa dua. Siku mwalimu akitaka kuitoa, ataishia kuukata kwa msumeno uma wa baiskeli ya baba yake.

Akaichomeka kavu. Akainyoosha sawa na gurudumu, kisha akaikaza ile bolti ndefu ya juu, na kabari iliyo chini ikabana ndani ya bomba. Kila alipozungusha spana alihisi raha kifuani.

"Tayari. Nenda."

Mwalimu hakuondoka.

"Hongera kwa uchumba wako. Sijapata nafasi ya kukuambia."

"Uchumba upi?"

"Mama yako aliniambia. Kesho yake asubuhi, nilipokuja."

"Ulikuja wapi?"

"Kwenu! Mjomba aligoma siku ile. Alisema hawezi kwenda kuposa mwanamke mwenye grisi kwenye kucha. Nilimbembeleza mpaka jua likazama, nikaona aibu kuja bila yeye, nikazima simu. Nilikuwa mwoga, nakiri. Lakini asubuhi nilihama kwake, nikaja peke yangu. Mama akaniambia umeshaposwa na mtu anayejua kusoma saa."

Fundi alitoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Mama, yule mwalimu aliwahi kuja?"

"Alikuja. Mara tatu. Nikamfukuza mara tatu."

"Ukamwambia nimeposwa?"

"Nilimwambia, tena ningemwambia umezaa mapacha! Alituaibisha. Nilikulipizia, mwanangu, na sijutii."

"Mimi nimelia miezi minane, mama."

"Machozi yanakauka. Aibu haikauki."

Fundi alifumba macho. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa tulivu kuliko ya mama mtu.

"Umenilipizia bila kuniuliza. Basi na mimi nitaolewa bila kukuuliza."

Akakata. Simu ikaanza kulia tena pale pale. Akaiacha ilie juu ya meza.

Mwalimu alitabasamu, akapiga hatua mbele. Fundi akamsimamisha kwa kiganja.

"Usifurahi bado. Hiyo shingo nimeifunga kavu."

"Maana yake?"

Alimweleza yote, mvua, jasho mpaka msumeno, bila kujitetea. Tabasamu la mwalimu lilikauka. Alitazama ile baiskeli ambayo baba yake aliifuta kila jioni.

"Ungeniharibia ya baba?"

"Ndiyo. Nilitaka siku hiyo uumie hasa, na ujue ni mimi."

Mwalimu alikasirika kweli, mishipa ikamsimama shingoni. Alishika usukani kana kwamba anaondoka na baiskeli. Kisha akauachia, akafungua vifungo vya mikono ya shati.

"Nionyeshe inavyotoka."

"Legeza bolti, mizunguko miwili. Sasa igonge kichwani, taratibu, kabari iachie."

Aligonga mara moja, mara ya pili ikaachia. Akaivuta shingo, akachota grisi kwa vidole viwili, akapaka bomba zima na nyuzi za bolti, shati likachafuka mpaka kiwikoni. Akairudisha hadi mstari ukapotea, akainyoosha, akaikaza bolti. Fundi alibana gurudumu kwa magoti, akajaribu kuupinda usukani kwa nguvu zake zote. Haukusogea.

"Uliyomwambia mama," mwalimu alisema, "ulimaanisha?"

"Kwani umeniuliza kitu?"

"Nakuuliza. Utaolewa nami?"

"Nina hasira nawe bado. Nyingi. Nikija, nakuja nazo."

"Njoo nazo," alisema mwalimu. "Na mimi ninazo zangu, umenipa sasa hivi."

"Basi tutakaa nazo," fundi akajibu, akamkamata ule mkono wenye grisi.