Kiu ya Mamamkwe

Chombo cha kwanza kwenye foleni asubuhi hiyo hakikuwa ndoo. Ulikuwa mtungi mweusi, tena wa moto, kama umeepuliwa jikoni sasa hivi.

Mshonaji aliugusa, akavuta mkono. Pale kwenye chemchemi ya kijiji, maji yanapotoka ukutani kwa mdomo wa chuma usiofungwa kamwe, foleni hushikwa na vyombo, si na watu. Unaweka chako, unarudi kuwasha moto. Ukichelewa, aliye nyuma yako anakujazia, anakiweka kando. Kuuliza chombo cha nani ni kutafuta ugomvi.

"Jaza, shoga," muuza mkaa alimtania. "Au unangoja ukusalimie?"

Akajaza. Maji yaliingia muda mrefu bila kusikika yakifika chini, na ikapanda harufu ya nywele zilizoungua. Akausogeza, akateka yake, akaondoka. Alikuwa amechoka. Mume alifanya kazi mbali. Nyumbani kulikuwa na nguo za watu zisizokwisha, na mamamkwe aliyepooza miguu. Mama huyo ndiye aliyempokea alipofukuzwa kwao. Hakuwa na mama mwingine.

Mchana mamamkwe aliomba maji. Akamaliza kikombe, akamaliza kata, kisha akainamia ndoo kama ng'ombe. Akataka tena. Mshonaji alikwenda na kurudi mpaka waliokuwa wakifua wakamcheka, wakisema anammwagilia mkwe maji achipue. Siku zikaenda hivyo. Tumbo la mama halikuvimba, kitanda hakikulowa, ila kila alipomeza, chini ya kitanda kilisikika kitu kingine kikimeza baada yake, taratibu, bila haraka yoyote.

Mganga alikuja, akanusa mlangoni, akakataa kuingia. Alieleza waziwazi: ule mtungi ulimjazia asiye mtu, na kwao hao, anayemjazia mwenzake huwa mtumishi wake, kwa hiyo amekufuata kukaa, anakunywa kupitia mama. Mama asipewe hata tone kutwa nzima, mpaka jua lizame. Mgeni huyo akikosa wa kumtumikia, atahama.

"Na mama je?" mshonaji alinong'ona.

"Mama atavumilia. Ninayemtilia shaka ni wewe."

Kesho yake alikaa na cherehani yake kando ya kitanda, akashona huku sauti nene isiyo ya mama ikimtukana yeye na ukoo wake, ikamtajia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, kitanda kikatetemeka, ile harufu ya nywele ikajaa chumbani mpaka machozi yakamtoka, naye akazidi kukanyaga cherehani ingawa uzi ulikuwa umekatika zamani na sindano ilikuwa inatoboa tu.

Kisha kukawa kimya.

"Mwanangu," mamamkwe aliita, kwa sauti yake mwenyewe. "Ameshaondoka. Ni mimi. Midomo inanipasuka."

Dirishani jua lilibaki kama ukucha. Mshonaji akaona anamuua mama yake kwa mkono wake. Akampa nusu kikombe.

Mama akanywa, akashukuru, akalala.

Tangu hapo hajaomba maji tena. Mganga alipouliza kama walisubiri jua lizame, mshonaji alisema ndiyo. Siku hizi mdomo wa chemchemi unatoa uzi mwembamba tu, foleni inafika barabarani, na watu wanalaumu ukame. Kila asubuhi mshonaji humkuta mamamkwe midomo imelowa, inang'aa, na chini ya kitanda kitu bado kinameza. Humfuta kwa khanga, kisha huenda kupanga ndoo yake.