Kiti cha Mama Kimelowa

Kiti cha marehemu mama kilikuwa kimelowa tena. Baba, mzee Gathogo, alikipangusa kwa kitambaa. Mvua haikuwa imenyesha Dundori, na bati halikuvuja. Maji yale yalinuka mawe ya zamani.

Yalianza wiki ile binti yake Wamaitha aliporudi kutoka Uingereza, alikokuwa akitunza wazee. Mama alipozikwa hakuja, kwa kuwa kibali chake cha kuishi kule kilikuwa hakijatoka. Siku hiyo wenzake wa kazi walimpeleka mji mmoja mdogo wa soko, kuona magofu ya ngome ya kale, asibaki peke yake akilia. Mmoja wao akaweka picha mtandaoni. Dundori yote ikamwona Wamaitha akitabasamu, aisikrimu mkononi, kando ya ukuta uliobomoka.

"Sisi tulibeba jeneza kwa matope," kaka yake Ndegwa alisema, akimimina chai ya saa kumi. "Madam alibeba aisikrimu."

Wamaitha aliinamisha kichwa.

Shiko, mdogo wao, alilikaribia sikio la Wamaitha. "Hii harufu unaijua. Nimekuona ukiikwepa."

"Ni ya kule," Wamaitha alinong'ona.

Akaeleza polepole. Saa ya maziko, Shiko alikuwa amempigia simu asikie maombi. Pasta aliposema udongo kwa udongo, watu wakaanza kutupa, kila mmoja konzi yake, na yeye hakutaka mama afunikwe bila mkono wake. Chini ya mnara wa ile ngome palikuwa na shimo lililofunikwa kwa vyuma, ambamo zamani walitupwa wafungwa. Akachota udongo, akaupitisha kati ya vyuma, akasema, "Mama, pumzika. Ni mimi mtoto wako."

"Halafu?" Ndegwa aliuliza. Kejeli ilikuwa imemwisha.

"Sikusikia ukianguka. Ni kama kuna mtu aliupokea."

Baba aliweka kikombe chini. "Hilo ni pepo, na wewe ndiye uliyeliita mama. Twende kaburini. Utamzika mama yako hapo, kisha utalikana hilo kwa jina la Yesu."

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye viazi. Walisimama wanne mbele ya msalaba, baba akaomba, na kadiri alivyoomba ndivyo harufu ya mawe yaliyolowa ilivyozidi kuja kutoka upande wa nyumba waliyoiacha tupu, ikapita juu ya matuta, ikawazunguka miguuni kwa baridi, na ndani yake kulikuwa na mlio mdogo wa chuma kikiburutwa sakafuni, chumba hadi chumba, bila haraka, kama mtu anayejifunza njia za nyumba yake mpya.

"Liambie si mama yako," baba alisema kwa sauti ya chini.

Wamaitha alifumbata udongo. Alifungua kinywa, akaona aibu, maana maneno hayakuja. Tangu arudi, hakuna aliyekuwa amemwita mtoto katika boma lile.

"Dada, sema," Ndegwa alisihi. "Tafadhali. Nisamehe ile ya aisikrimu."

Nyuma yao, ndani ya nyumba, kiti kilivutwa.

"Mtoto wangu," sauti ikaita kwa upole, "chai inapoa."

Udongo ukiwa bado kiganjani, Wamaitha akageuka na kuitika.