Nani Aliyekula Bonasi ya Baba?

Hakuna mtoto katika mtaa wa Majimbo, mjini Embu, aliyemshinda Kagwiria kwa hesabu. Anayebisha na alete wake tuwashindanishe. Haya, ukweli usemwe kabla mwalimu wake hajausema: Kagwiria alikuwa wa kwanza muhula ule alioketi dawati la mbele. Alipohamishwa nyuma kwa sababu ya urefu wake, akawa wa kumi na tisa. Kutoka kule nyuma, nane na tatu za ubaoni zilikuwa pacha, na sita alikuwa binamu yao.

Kila asubuhi aliamka, akaosha vyombo, akanywa chai, kisha akamngoja rafiki yake Rahema waende shule pamoja. Rahema ndiye aliyekuwa macho yake. Mwalimu akiandika swali, Rahema alimsomea kwa kunong'ona. Lakini mwalimu alisikia minong'ono tu, na juma lile majina yao yaliandikwa mara mbili katika orodha ya wapiga kelele. Kagwiria alikasirika hadi masikio yakawa moto. Kuadhibiwa kwa kelele ni jambo moja; kuadhibiwa kwa kutoona ni jingine kabisa.

Daktari wa macho alikuwa amekwisha kumpima. Miwani, pamoja na fremu, ilikuwa shilingi elfu tisa na mia tano. Mama yake, Cicily, aliyeuza mboga sokoni, aliposikia bei alimwomba daktari airudie, labda itapungua. Haikupungua.

Tumaini lilikuwa kwa baba. Kiunga alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kokwa za makadamia nje ya mji. Mshahara wake wa elfu arobaini na mbili aliutaja mara nyingi kama mtu anavyomtaja mtoto wake wa kwanza, na mtaa mzima uliujua. Mwaka huo msimu ulikuwa mzuri, na kiwanda kikaahidi bonasi. Yake ilikuwa elfu ishirini. Alimpiga Kagwiria begani, akamwambia hiyo ilikuwa miwani tayari, na chenji ya kununulia kesi ya kuiwekea.

Ijumaa ya bonasi, kibaridi cha Julai kilikuwa kimeshika mji na rasharasha haikukoma. Kagwiria alisimama mlangoni tangu saa kumi na moja. Baba alifika saa moja, ameloa, hana koti, na uso umekunjamana kama kitambaa cha kupangusia meza. Hakuamkua mtu. Aliweka noti sita za elfu moja mezani, akaketi.

"Kodi," akasema. "Imekula elfu kumi na nne. Mimi imeniachia mifupa."

Hapo hasira ya Kiunga ikafunguka kama bomba lililopasuka. Aliilaani kodi, akawalaani walioitunga, akailaani na kalamu iliyoandika. Mama alipomuuliza koti liko wapi, alisema amelisahau kiwandani, kwenye msumari wa chumba cha mitambo, kwa sababu ya uchungu. Alipoandaliwa githeri ya mahindi na maharagwe, aliisukuma sahani. Alisema hasira ilikuwa imemshibisha.

Mama alizihesabu zile noti sita mara mbili, akaziweka ndani ya kopo la majani ya chai, akalifunga kwa nguvu hadi kifuniko kikalia. Kagwiria alilala akiwa amekunja ngumi.

Asubuhi, Jumamosi, alimkuta Rahema kwenye mfereji wa maji. Zuleka, mama yake Rahema, alifanya kazi kiwanda kilekile, katika meza za kuchambua kokwa. Kagwiria alimpa pole kwa ajili ya kodi. Rahema akamtazama kama mtu aliyepewa pole ya msiba usio wake.

"Mama alipata bonasi ya elfu kumi," akasema. "Amekatwa mia nne na ishirini na tano tu. Jana tumekula pilau."

Ndoo ya Kagwiria ikaanguka. Baba yake akatwe elfu kumi na nne, na huyu mama akatwe mia nne? Alimwambia Rahema kwamba huenda mama yake anajuana na mtu wa hesabu. Rahema naye hakunyamaza. Alimjibu kwamba mama yake hajuani na mtu ila zile kokwa, na kwamba mwenye wivu anywe maji, si yapo hapo. Nusura washikane nywele. Mwishowe Rahema ndiye aliyesema kama Kagwiria ana ubishi, waende kiwandani wamuulize mhasibu mwenyewe. Jumamosi mitambo hupumzika, lakini ofisi huwa wazi hadi adhuhuri.

Walitembea nusu saa, kila mmoja upande wake wa barabara. Njia nzima Kagwiria alikuwa akiunoa ulimi. Langoni bawabu alimjua Rahema, akawaruhusu. Mhasibu, mama mnene aliyeitwa Gladwell, alikuwa peke yake ofisini, na bakuli la makadamia juu ya meza. Kagwiria hakubisha hodi wala hakuamkua.

"Wewe ndiye unayeiba bonasi ya baba yangu," akasema.

Gladwell alivua miwani yake taratibu. Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi. Alimwambia kwamba amefanya kazi hiyo miaka kumi na sita, na wanaume wenye ndevu wamewahi kumwita mwizi, lakini hata wao walisalimu kwanza. Akamwamuru atoke, afunge mlango, abishe upya. Kagwiria akatoka. Akabisha. Akaamkua, kwa hasira na kwa haya.

"Marahaba. Sasa sikiliza. Mambo ya mshahara wa baba yako ni ya baba yako. Karatasi ya mshahara ni kama nguo ya ndani, haianikwi mbele za watu. Lakini mfano nitakupa, wa mtu asiye na jina."

Alitoa mabakuli matatu matupu, akayapanga. Kila kokwa, akasema, ni shilingi elfu moja. Bakuli la kwanza hubeba kokwa ishirini na nne, na humo serikali huchukua moja katika kila kumi. La pili ni dogo, hubeba nane na kipande, na humo huchukua robo. La tatu ni kubwa, na humo huchukua tatu katika kila kumi. Pesa haziruki: sharti bakuli la chini lijae ndipo la juu lianze. Tena kila mfanyakazi husamehewa kodi ya shilingi elfu mbili na mia nne kila mwezi.

"Mtu wa mshahara wa elfu kumi na tano akipata bonasi ya elfu kumi?"

Kagwiria alihesabu kokwa. Gladwell akatoa mbili za makato mengine, yale ya bima ya afya, ya nyumba na ya akiba ya uzeeni. Zilizobaki zote zikaingia bakuli la kwanza. Kodi yake ilikuwa chini ya ule msamaha, kwa hiyo ikawa sufuri. Rahema akakohoa kidogo, kikohozi cha ushindi.

"Na mtu wa elfu arobaini na mbili?"

Kagwiria alijaza la kwanza. Akajaza la pili. La tatu likapata kokwa kadhaa, na bonasi haijaja bado.

"Haya, bonasi imekuja. Itaingia wapi?"

"La tatu," akasema Kagwiria polepole. "Yote."

"Ndiyo sababu watu hulia. Hudhani bonasi ina kodi yake ya adhabu. Hakuna. Bonasi huongezwa juu ya mshahara wa mwezi huo, ikakuta mabakuli ya chini yamejaa. Mimi pia hukatwa hivyo, na hukasirika, usidhani sikasiriki. Lakini nikitaka kukasirika, kwanza huhesabu, ili nijue hasira yangu ni ya shilingi ngapi."

Alimpa karatasi na kalamu. Kabla ya kodi, alimwambia, toa bima ya afya, shilingi mia mbili na sabini na tano kwa kila elfu kumi. Kisha toa ya nyumba, mia moja na hamsini kwa kila elfu kumi; akiba ya uzeeni haigusi bonasi. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi.

Kagwiria aliinamisha pua karibu iguse karatasi. Elfu ishirini. Bima, mia tano na hamsini. Nyumba, mia tatu. Zikabaki elfu kumi na tisa, mia moja na hamsini. Kodi ya tatu kwa kumi, elfu tano, mia saba arobaini na tano. Akajumlisha makato yote: elfu sita, mia tano tisini na tano. Akarudia, akitarajia elfu kumi na nne. Akarudia tena. Hesabu ilikataa katakata kubadilika.

Mkononi mwa baba zilipaswa kufika shilingi elfu kumi na tatu, mia nne na tano.

Gladwell aliitazama ile karatasi, kisha akaanza kupanga kokwa zilizokwisha kupangwa. "Mimi sijasema neno," akasema.

Kagwiria aliomba msamaha kwa kumwita mwizi, alisema hakujua. Gladwell akamjibu kwamba kutojua si kosa, kosa ni kuja na tusi kabla ya swali. Kagwiria akamgeukia Rahema, akamwomba radhi naye pia, kwa ajili ya mama yake. Kabla ya kuondoka alipita chumba cha mitambo, akatazama kwenye msumari. Msumari ulikuwepo.

Nyumbani baba ndiyo kwanza alikuwa anakunywa chai, na kodi ilikuwa bado mdomoni mwake. Mama alikuwa anafunga sukuma wiki mafungumafungu. Kagwiria aliweka karatasi mbele ya kikombe.

"Baba, kodi haiwezi kula elfu kumi na nne," akasema. "Hata ikiwa na njaa."

Kiunga aliruka kama aliyemwagiwa uji. Aliuliza ni lini mtoto alianza kumkagua mzazi, na ni nani aliyemtuma kiwandani kumwaibisha. Aliuliza mengi, na hakuna hata moja lililohusu hesabu. Mama aliacha mboga. Aliichukua ile karatasi, akaisoma mstari kwa mstari.

"Baba Kagwiria, tuoneshe karatasi yako ya mshahara. Kama mtoto amekosea, nitamwadhibu mimi."

"Iko ndani ya koti. Na koti si nimewaambia liko kazini?"

"Halipo, Baba," akasema Kagwiria. "Nimetoka huko sasa hivi."

Mtu akabisha hodi. Alikuwa Hassan, mwenye bucha ya nyama choma pale kona, mtu mpole asiyejua kuficha jambo. Mkononi alikuwa na koti.

"Ndugu Kiunga, ulilisahau jana kwenye kiti. Rasharasha hii, nikaona utaugua."

Mama alilipokea kabla baba hajainuka. Mfuko wa ndani ulikuwa na kijiti cha kuchokolea meno, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Chini kabisa, penye bonasi baada ya makato, kwa wino mweusi: 13,405. Aliiweka juu ya meza kando ya ile ya Kagwiria, na tarakimu zikatazamana kama pacha wa kweli.

Uso wa Cicily ulikuwa mkavu. Aliposema, alisema na Kagwiria, lakini macho yalikuwa kwa mume wake.

"Mwanangu, kodi inauma, na mimi inaniuma. Lakini tazama karatasi hii. Kila ilichochukua imekiandika, hadi shilingi ya mwisho, mtu asome na aulize. Anayekula bila kuandika, halafu akapiga kelele kuliko wote, huyo ndiye wa kuogopa. Soma karatasi kabla ya kukasirika. Utajua umkasirikie nani."

Kiunga alishusha pumzi. Alikiri kwamba ndiyo, zilikuwa elfu kumi na tatu na kitu, na kwamba alikosea kusema uongo. Ila hakula yeye. Sauti yake ikawa laini, karibu ya kanisani. Alisema kwamba mwenzake wa kazi, Gedion, amelazwa hospitali huko Meru, hali mbaya, hali chakula, na yeye alishindwa kumwacha ndugu afe kwa kukosa elfu saba. Aliificha sadaka hiyo ili asijisifu.

Moyo wa Kagwiria ukalegea. Akaanza kuona haya kwa ajili ya ile karatasi yake.

"Gedion yupi?" akauliza Hassan kutoka mlangoni, ameshangaa. "Huyu wa mitambo? Nimemwacha bucha akinywa supu. Jana mbavu nyingi alikula yeye, bili ikafika elfu tatu, mia nne na tano. Tena ndiye aliyenituma nikuulize, yule mbuzi wa kesho uliyemlipia elfu nne, achomwe au achemshwe?"

Rasharasha ilisikika juu ya mabati.

Mama alinyoosha mkono kwa Hassan, kiganja juu. "Mbuzi wa kesho amepona," akasema. Hassan alimtazama Kiunga, akamtazama Cicily, akatoa noti nne.

Kagwiria alilifungua kopo la majani ya chai mwenyewe. Sita na nne, kumi. Miwani, na mia tano ya kesi.

Baba alifungua mdomo ailaani kodi, akaukuta mdomo hauna kitu.