Ua la Ndeshi Halina Kiu

Msinibishie, nilikuwepo! Niliona yote kwa macho yangu haya mawili, na sikupepesa hata mara moja.

Huko Marangu, mlimani penye baridi, kuna mtoto anaitwa Ndeshi.

Dada yake, Aikande, anakwenda shule ya bweni Jumapili ya wiki ijayo. Mbali!
"Huko hakuna maua yetu ya buluu," akasema Aikande.

Basi Ndeshi akachuma ua la buluu. Akalilaza ndani ya kitabu kikubwa, kama afanyavyo Shangazi Elinami.

Shangazi hutengeneza picha kwa maua makavu. Alifundishwa na Wajapani. Sanaa hiyo wao huiita oshibana.

Lakini Ndeshi akawaza, "Ua lina kiu!" Kila asubuhi akalinyunyizia maji. Chu, chu, chu!

Siku ya tatu, lahaula! Ua jeusi. Limeota kuvu. Linanuka kama soksi!

"Shangazi! Ua langu limeoza!"
"Umelifanya nini, mama?"
"Nimelinywesha."

Shangazi akacheka mpaka kilemba kikadondoka.
"Kuvu hupenda maji, mwanangu. Sisi tunayatoa, wewe unayarudisha!"

Kichakani limebaki ua moja. Moja tu!

Wakalichuma, wakalilaza katikati ya karatasi kavu. Wakaweka mawe juu, lisijikunje.
"Sasa anayekunywa ni karatasi," akasema Shangazi.

Ndeshi akaimba:
"Kunywa, karatasi, kunywa!
Fyonz, fyonz, fyonz!"

Jumanne, karatasi imelowa. Wakaweka kavu.
"Kunywa, karatasi, kunywa!
Fyonz, fyonz, fyonz!"

Jumatano, imelowa kidogo. Wakaweka kavu tena.
"Kunywa, karatasi, kunywa!
Fyonz, fyonz, fyonz!"

Ijumaa, karatasi kavu kau! Ua jembamba kama bawa la kipepeo. Tena la buluu!
"Likikauka upesi, rangi hubaki," akasema Shangazi.

Jumamosi wakalibandika kwenye kadi. Wakalifunika kwa kioo, wakaziba pembeni, unyevu usiingie.

Nyuki akaja. Vuuu! Akagonga kioo. Ti!
"Hodi! Nifungulieni!"

Wakati wa kulala, Ndeshi akampa dada yake picha.
"Ndilo lile la kichakani?"
"Ndilo. Halinyauki."

Aikande akaifunga picha ndani ya sweta. Akaiweka kwenye sanduku la shule, kabla ya daftari, kabla ya viatu.

Wakaingia chini ya blanketi moja. Fooo... fooo...

Kweli tupu hiyo! Eti nini? Nyuki kusema hodi?
Haya, hapo nimetia chumvi. Aligonga tu.